Sauti Ambayo Wakili Aliipenda

Siku hizi akifa mtu wetu, usihangaike kumpigia Nzigire, hutampata. Simu yake inakuwa bize kutwa nzima. Anawapigia watu mmoja mmoja, wa Louisville, wa Buffalo na sisi wa hapa Columbus, na mtu asipopokea anarudia mpaka apokee, hata kama yuko kazini na msimamizi anamkodolea macho. Watoto wake wanamwambia anajitesa bure, ujumbe mmoja wa sauti kwenye WhatsApp ungetosha. Anawajibu kwamba wao hawajui. Ni kweli hawajui. Mimi najua, maana nilikuwa jikoni kwake siku ile Cikuru alipopiga kutoka Buffalo.

Zamani Nzigire hakuhitaji kumpigia mtu. Lakini niwaeleze kwanza sisi ni nani, msije mkadhani nasimulia habari za mbali.

Sisi ni kwaya. Tuliimba pamoja kambini Nakivale, kule Uganda, miaka mingi, tukiongozwa na Mwalimu Polycarpe, mwanamume mfupi wa Kongo aliyekuwa mkali kwa noti na mpole kwa kila kitu kingine. Kisha ndege zikaanza kutugawa. Wengine walishuka Louisville, wengine Buffalo, sisi tukaletwa Columbus, na Polycarpe na mkewe Clémence wakapata nyumba Linden, mtaa ule ule ninaokaa mimi na Nzigire. Hawakujaliwa mtoto. Nchi hii yote hawakuwa na ndugu wa damu hata mmoja. Walichokuwa nacho ni kwaya, na kila Pasaka kwaya inakutana, mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji mwingine, tunalala sakafuni kama zamani na kugombania chai.

Sasa, kwetu mwenye msiba hatangazi msiba. Aliyefiwa anakaa chini, anapewa pole, na simu inashikwa na mtu mwingine. Tena habari ya kifo haiandikwi, wala hairushwi kwenye grupu, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma kwa sauti huku mama yake ameshika sufuria ya moto. Inasemwa kwa mdomo, polepole, kwa kila mtu peke yake, na huyo mtu anaketishwa kwanza.

Katika kwaya yetu mdomo huo ulikuwa wa Nzigire. Hakuna aliyemchagua. Kambini alikuwa akizunguka na habari hizo mlango kwa mlango, na tulipofika Amerika milango ikawa simu: anarekodi ujumbe wa sauti, anamtumia kila mtu peke yake. Sauti yake ni ya chini, ina ukwaruzo kidogo, na haina haraka. Alianza kila mara hivi: "Ndugu yangu, ni mimi, Mama Bagula. Kama umesimama, kaa kwanza." Halafu anakusalimia, anauliza watoto, anauliza kazi, anamshukuru Mungu kwa kuamka, anazunguka weee, na huko ndani kabisa, ukiwa umeshatulia, ndipo analitaja jina. Mtu akisikia "kaa kwanza" alizima jiko, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Mume wangu aliwahi kuegesha gari pembeni ya barabara kuu, taa za dharura zikiwaka, kwa sababu ya maneno hayo tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Kazini anapakia maboksi kama sisi sote, na Kiingereza chake kinamfikisha dukani na kumrudisha. Lakini akifungua mdomo, watu wa miji mitatu wanakaa chini. Alijua hivyo na alijivunia, na mimi sioni kwa nini asijivunie.

Aliyemfikisha kwa wakili ni Theogene. Huyu naye ni wa kwetu, wa milimani Kivu Kusini, anasomea mambo ya matangazo chuo kikuu na anapanga chumba karibu na chuo pamoja na wenzake. Kazi yake ya pembeni ni kushughulikia kurasa za Facebook na TikTok za wakili mmoja mwenye ofisi Clintonville, mama wa Kizungu mwenye mvi, anayetetea watu walioumia kazini na wenye kesi za uhamiaji. Wakili alitaka wateja kutoka kwetu. Ukurasa wake ulijaa picha za nyundo ya hakimu, na watu wetu wakiona nyundo ya hakimu wanapita mbio wakidhani wameitwa kortini. Theogene akamwambia kwamba watu hawa hawafuati picha, wanafuata sauti, na sauti yenyewe anaijua.

Siku ya kwanza kurekodi nilimsindikiza Nzigire. Wakili alitukaribisha chai, akaeleza masharti, Theogene akitafsiri. Hairuhusiwi kuahidi kwamba mtu atashinda. Hairuhusiwi kusema yeye ni bora kuliko mawakili wote. Na lazima isemwe wazi kwamba hili ni tangazo. Nzigire alikubali yote kwa kichwa, akasogea kwenye kinasa sauti, akasema, "Mukuje, mutashinda!"

"Mama, hapana," alisema Theogene. "Ya kushinda tusiseme."

"Juu ya nini? Mutu anaenda kwa avocat juu ya kushindwa?"

Wakili alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akavua miwani. Nilimpenda kwa hilo.

Wakarudia, wakarudia. Maneno yalikuwa sawa lakini sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma risiti. Theogene alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema mtu huamua mwanzoni kabisa, kabla hujameza mate, kama atasikiliza au atapita. "Bon, Mama, uanze vile unaanzaka."

"Namna gani?"

"Kaa kwanza."

Mimi ndiye niliyesema, "Theogene, ile ni maneno ya kilio."

"Vestine, mutu akivunjika mugongo ku kazi, ile haiko kilio?"

Nzigire aliangalia mikono yake. Najua alikuwa anamfikiria Balagizi, jirani yetu, aliyeangukiwa na mizigo ghalani akarudi nyumbani akitembea kwa kushika kuta, asiambiwe na mtu yeyote kwamba kuna haki yake hapo. "Balagizi hakupata mutu wa kumwambia akae, asikilize," alisema. Akakigeukia kinasa sauti, akaanza kwa ile sauti yenyewe, na hata wakili ambaye hajui neno moja la Kiswahili aliweka kikombe chini. Siwezi kusema Nzigire alikosea kufikiri hivyo, na mpaka leo sisemi.

Tangazo likawekwa Facebook, likawekwa TikTok. Theogene akamwomba pia alitume mwenyewe kwa kila mtu aliye kwenye simu yake. Akalituma kama anavyotuma misiba, kwa mtu mmoja mmoja.

Ee Mungu wangu, siku hiyo! Huko Louisville mama mmoja alipiga ukunga kwenye chumba cha mapumziko cha kiwanda. Buffalo, Cikuru, besi wetu, alikuwa anazoa theluji mbele ya nyumba. Alikaa pale pale kwenye theluji na koleo lake, akasubiri jina la marehemu, akasikia habari za mgongo. Watu wakamgombeza Nzigire vibaya. Halafu wakacheka. Ikawa utani wetu: mtu akikaa tu kwenye kiti unamwuliza umeshtakiwa na nani.

Na tangazo lilifanya kazi, tusilidharau. Balagizi alikwenda Clintonville, wakili akamsimamia, akatibiwa na leo anainama kufunga kamba za viatu. Wengine wakafuata. Wakili akataka tangazo jipya kila wiki, la kuumia kazini, la kuwaita mke na watoto waliobaki, la mwenye nyumba anayekataa kutengeneza kipasha joto. Na malipo yake yalimwezesha Nzigire kuacha zamu ya Jumapili. Miaka yote hiyo kiti chake cha alto kilikuwa kitupu kanisani; alipokirudia, Mwalimu Polycarpe alisimamisha mazoezi, akamshika mkono mbele ya watu wote.

Lakini kila wiki ni kila wiki. Mtu atakaa mara ngapi? Mwanzoni watu walisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Baadaye wakasikiliza nusu. Mwishowe walikuwa wakisikia "Ndugu yangu, ni mimi, Mama Bagula" na kidole kinawahi, wanaweka alama ya kidole gumba kwamba wamepokea, wanaendelea na maisha yao. Binti yake Grâce alimwambia, kwa Kiingereza chao kile cha haraka, kwamba watu wanamruka. Nzigire akajibu kwamba kidole gumba maana yake wamesikia.

Nami nilimwambia. "Mama Bagula, watu hawakai tena."

"Wanasikia vizuri. Wewe iko na wivu, juu sauti yako hakuna mutu anaweza kuilipia."

Hilo la mwisho ni kweli tupu, ndiyo maana liliniuma. Tukanuniana kwa muda, tukawa tunasalimiana kanisani kwa nyusi.

Aliyetupatanisha ni Polycarpe, bila kukusudia. Aliugua tumbo mwishoni mwa baridi, akalazwa, na haikuchukua muda kila mtu hapa Columbus akajua hatatoka. Tulimkuta Clémence pembeni ya kitanda anamkanda miguu. Polycarpe alikuwa amebaki macho na mdomo, lakini bado alitaka kupanga sauti.

"Wimbo munaujua," alisema.

Tulikuwa tunaujua. Aliutunga mwenyewe kambini, mwaka tuliozika watu wengi, na kwaya yetu haijawahi kumshusha mtu kaburini bila huo. Unaanza na besi peke yake. Besi inaimba mstari mzima, chini kabisa, hakuna anayeisaidia, ndipo sisi wengine tunaingia juu yake. Na besi ni Cikuru. Polycarpe ndiye aliyemfundisha, alipokuwa kijana wa kubeba maji ambaye hakuwa amejua kwamba ana sauti.

"Cikuru asikose," alisema. "Bila yeye mutaanzia wapi?"

"Atakuja, Papa," alisema Nzigire, amemshika mkono. "Mimi mwenyewe nitamwambia."

Polycarpe alifumba macho, ameridhika. Kwa nini asiridhike? Nzigire akishasema neno, watu wanakuja.

Alikufa asubuhi ya siku ya kazi. Clémence akakaa chini, na sisi wa Columbus tukapata habari kwa kwenda pale pale nyumbani. Alikataa picha ya mumewe iwekwe Facebook kabla hajazikwa, alisema Polycarpe si bidhaa. Nzigire akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za mbele na koti lake la kazini, akarekodi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Alifuata desturi yote, akasalimia, akauliza theluji ya Buffalo, akamshukuru Mungu, akazunguka, na kabla ya jina sauti ikamkatika, akasubiri, akalitaja. Akamtumia kila mtu wa Louisville na kila mtu wa Buffalo.

Majibu yakaanza kuingia kabla machozi hayajamkauka. Kidole gumba. Kingine. Cikuru naye, kidole gumba.

"Kwa kifo?" niliuliza.

"Iko ku kazi. Atapiga."

Hakupiga. Jioni nikamwomba Nzigire ampigie yeye. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Tangu lini mimi natangaza mutu mara mbili? Kifo inasemwa mara moja. Wanakuja, ile ni mbali, wako wanapanga magari." Na kweli kwetu kifo hakirudiwi kutangazwa, ni kama kumfukuza marehemu. Basi tukatandika magodoro sebuleni kwa Clémence kwa ajili ya watu wa Buffalo, tukapika sombe na maharage kwa ajili ya watu wa Louisville, tukawa tunachungulia dirishani kila gari likipunguza mwendo.

Kutoka Louisville alikuja mtu mmoja tu, kwa basi. Nyirabeza, mjane anayeishi peke yake, ambaye husikiliza kila kitu mpaka mwisho, hata tangazo la kipasha joto, kwa sababu siku nyingine hicho ndicho Kiswahili pekee kinachoingia nyumbani kwake. Tulimwuliza wenzake wako wapi.

"Nilizani wamenitangulia," alisema.

Kutoka Buffalo hakuja mtu.

Makaburini mchungaji alimaliza, akatugeukia. Tukasogea. Tulikuwa tumejipanga kama Polycarpe alivyotuzoesha, soprano kushoto, sisi alto, wanaume wa sauti ya tena, na upande wa kulia, mahali pa besi, pengo. Wimbo unaanza na besi. Tukasubiri. Sijui tulikuwa tunasubiri nini, maana tuliona wazi hakuna mtu, lakini wimbo ule hatukuwahi kuuanza wenyewe na hatukujua mlango mwingine wa kuingilia. Mmoja wa wanaume wa tena alijaribu kushuka, sauti ikamgoma. Watu wa mashine ya kushusha jeneza walikuwa wanaangalia saa. Ndipo Nzigire akaanza, kwa alto, katikati ya wimbo, na sisi tukamfuata kutoka hapo. Tukamzika mwalimu wetu kwa nusu ya wimbo wake. Niliona aibu kiasi kwamba sikuweza kulia.

Clémence aliimba nasi kwa midomo tu, uso ameugeuzia upande wa pengo. Garini, tulipofika Linden, alitugeukia. "Donc," alisema, "miaka yote ile bwana yangu alikuwa anaimba na nani?"

Nzigire, tulipobaki wawili, alimwaga hasira ambayo sitaiandika hapa. Aliwataja wa Buffalo kwa majina ya baba zao. Alisema wamekula nchi ya watu wakasahau walikotoka, na kwamba Cikuru, huyo Cikuru hasa, siku akipiga atamwambia neno atakaloingia nalo kaburini.

Alipiga Jumapili iliyofuata. Tulikuwa jikoni kwa Nzigire baada ya ibada, tunachambua mchele, simu iko juu ya meza. Jina likatokea. Nzigire alifuta mikono, akabonyeza kipaza sauti ili niwe shahidi, akakunja uso wote.

"Mama Bagula!" Sauti ya Cikuru ikajaa jikoni, ya mtu mwenye afya na furaha. "Habari ya masiku? Huku theluji imetufunga kama wafungwa. Bon, nilisema nikuulize, Pasaka mwaka huu ni kwenu, si ndivyo? Niko nakuja na gari, na wengine wote wa huku wanakuja. Unisalimie Mwalimu. Nilisikia tumbo inamusumbua. Umwambie ile besi yake haijazeeka, nitamwimbia ile wimbo yake hata ku kitanda."

Nzigire alikuwa ameshafungua mdomo, na tusi lilikuwa tayari. Likaishia hapo. Niliona hasira ikimtoka usoni kidogo kidogo, na kitu kingine kikiingia, na nikaelewa wakati ule ule alipoelewa yeye. Kidole gumba. Vile vidole gumba vyote. Hakuna aliyemtupa Polycarpe. Hawakuwa wamesikia.

"Allô? Mama Bagula? Uko?"

Alishika ukingo wa meza. Alikuwa na njia moja tu ya kumwambia mtu jambo kama hili, aliyokuwa nayo tangu Nakivale, na mdomo ulimpeleka huko wenyewe.

"Cikuru," alisema, kwa ile sauti ya chini, isiyo na haraka. "Kama umesimama, kaa kwanza."

Cikuru akaanza kucheka.

"Aaah, Mama Bagula! Hata ku simu, wewe mwenyewe? Mimi sina kesi na mutu! Umwambie avocat wako mugongo yangu iko muzima!"

Akacheka kwa ile besi yake, chini kabisa, peke yake, ile tuliyoisubiri makaburini. Nzigire alifumba macho, akamwacha acheke mpaka amalize.